Kulwa Yupi?

Vijana wakizungumzia kompyuta kuingia hospitalini huanzia GoT-HoMIS, ule mfumo wa serikali unaomwandikisha mgonjwa mapokezini na kumfuata mpaka dirisha la dawa. Mimi huanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulipoletewa maboksi ya vitabu. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, haukuja na waya hata mmoja. Ulikuja na rejista kubwa zenye namba: Kitabu cha 5 cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto.

Nilikuwa karani kwenye kituo cha afya kando ya reli ya Kigoma, magharibi ya Tabora, njia ileile ambayo wapagazi wa Kinyamwezi walipitisha pembe za ndovu kutoka Ujiji kwenda pwani. Zamani mgonjwa alinunua daftari la shule, tabibu akaandika humo, naye akarudi nalo nyumbani. Historia ya ugonjwa wake ililala chini ya godoro, panya wakiiwahi. Sasa tulitakiwa kubaki na jina, umri, kijiji, na kama tatizo ni jipya au la marudio.

Robo mwaka ikiisha tulifunga mlango tukahesabu. Mmoja alisoma, mwingine akachora vijiti: vinne vimesimama, cha tano kikivikata. Malaria, chini ya miaka mitano. Kichomi. Malaria. Malaria. Kuhara. Malaria. Kufikia alasiri msomaji amekauka koo na mchoraji anachora kabla hajasikia; kwa malaria hakukosea sana. Fomu zikapanda treni kwenda juu, na huko juu zikakaa. Hatukuwahi kuambiwa zilisema nini.

Kompyuta ya kwanza niliyoiona kazini ilikuwa ofisini mkoani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya mzee mstaafu. Ya kwetu ilikuja baadaye sana, baada ya kliniki za dawa za VVU kuanza kufunguliwa nchini mwaka 2004. Hapo ndipo tulipogombana na majina.

Unyamwezini mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Ukiita “Kulwa Shija” wanasimama watatu. Ongeza wakimbizi wa Burundi waliowekwa Ulyankulu tangu 1972, ambao majina yao kila karani aliyaandika alivyosikia. Mzee wetu wa masjala hakusumbuka.

“Shikamoo bibi. Wewe Kulwa yupi?”

“Marahaba mjukuu wangu. Wa Usoke, mjane wa fundi baiskeli.”

Faili likatoka. Mashine haikuwa na nafasi ya fundi baiskeli. Ilitaka namba ndefu, inayoanza na mkoa, ikafuata wilaya, kituo, halafu mtu mwenyewe. Mzee yule aliidharau mpaka anastaafu. Mimi niliipenda, tena kwa sababu ambayo nadhani hata walioitunga hawakuitilia maanani: mtu aliyekuwa akikimbia dawa kwa kuogopa jina lake lisiitwe mbele ya majirani, aliinuka kwa namba bila wasiwasi. Katika mji mdogo hilo si jambo dogo.

Mwaka 2013 DHIS2, programu inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ilifikishwa nchi nzima. Wilayani waliingiza takwimu zetu kwa intaneti, na siku moja mratibu akageuza kioo nikaona malaria yetu imepangwa mwezi kwa mwezi, karibu na ya vituo vya jirani. Miaka yote ile ya vijiti, hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kazi yetu ikirudi.

Vitabu havikuondoka. Tuliandika, tukahesabu, ndipo tukaingiza. Kazi mara mbili kwa mshahara uleule. Ulipokuja mfumo wa kuandikisha wagonjwa moja kwa moja, mkufunzi alishangaa kuona wauguzi wakongwe wanawashinda vijana. Mama mmoja wa zamu akamwambia, “Mwanangu, hiki ni Kitabu cha 5, mmekitia kioo tu.” Halafu akauliza umeme ukikatika wataandika wapi. Mkufunzi akafungua begi, akatoa rejista.