Kivuli cha Nguzo: Moshi wa Mji na Mimea ya Roshani Zetu



Crescent Town ni mtaa wa maghorofa marefu yaliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kando ya barabara ya Victoria Park, mashariki mwa Toronto. Kabla ya hapo palikuwa na shamba la ng'ombe wa maziwa la familia ya Massey, na jina la shamba hilo, Dentonia, limebaki katika bustani iliyo jirani. Bondeni hupita kijito cha Taylor-Massey chini ya kivuli cha miti. Atokaye kituo cha treni cha Victoria Park wakati wa kiangazi, akiinua macho, huona roshani zenye ndoo za nyanya, mchicha na mimumunye. Sisi hatuna mashamba hapa. Roshani ndiyo konde letu. Yatupasa basi tujue moshi wa mji unaufanyia nini mwanga unaofika huko.

Jani huishi kwa mwanga. Kazi yake huitwa usanisinuru: klorofili, yaani ile rangi ya kijani, hunasa nuru ya jua, na kwa nguvu hiyo mmea hutumia maji na kaboni dioksaidi kujitengenezea sukari, huku ukitoa oksijeni. Nuru ikipungua mno, chakula cha mmea nacho hupungua.

Wazee wetu waliitambua Alasiri kwa kupima kivuli, na kipimo hicho chatufaa hapa pia. Siku ya anga safi, nguzo hutupa kivuli kikali kwa kuwa mwanga mwingi huja moja kwa moja kutoka kwenye jua. Siku ya moshi, chembe zilizomo hewani huurudisha mwanga kiasi juu angani na mwingine huutawanya kila upande, na masizi nayo huumeza sehemu yake. Hapo kivuli hufifia. Ndivyo ilivyokuwa mwezi Juni 2023, moshi wa misitu iliyoungua Quebec na kaskazini mwa Ontario ulipolifunika jiji letu.

Hata hivyo, mwanga uliotawanyika si hasara tupu. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, chembe zake zilienea duniani kote. Wanasayansi waliopima msitu mmoja wa Massachusetts, Marekani, waliona kwamba adhuhuri za anga isiyo na mawingu mwaka 1992 usanisinuru uliongezeka kwa asilimia 23. Sababu ni kwamba jua kali huyashibisha majani ya juu kupita haja yao na kuyaacha ya chini gizani, ilhali mwanga uliotawanyika hupenya mpaka matawi ya chini.

Lakini mchicha wa ndoo si msitu. Majani yake ni machache, na ukuta wa ghorofa umekwisha kuuzibia nusu ya mbingu. Hutegemea zile saa chache ambapo jua huigusa roshani. Moshi mzito ukizikata saa hizo, miti ya bondeni yaweza kufidiwa, nao mchicha usipate cha kuufidia.

Tena moshi hauji na kivuli hafifu peke yake. Moshi wa magari ukipikwa na jua la kiangazi huzaa gesi ya ozoni karibu na ardhi. Gesi hiyo huingia katika vitundu vya majani na kuviharibu viungo vile vile vinavyonasa nuru. Wakulima wa tumbaku wa kusini mwa Ontario waliyaona madoa yake majanini tangu miaka ya 1950. Mmea uliojeruhiwa hivyo hauwezi kuutumia vyema hata mwanga ulioupata. Na hewa hiyo hiyo ndiyo waivutayo watoto wetu wenye pumu.

Ndugu zetu, tusikate tamaa. Mwaka 2005 Ontario ilikuwa na siku 53 za tahadhari ya hewa chafu. Mwaka huo huo kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Lakeview, Mississauga, kilifungwa, na mwaka 2014 cha mwisho katika jimbo zima kikafungwa. Uchafu ulioletwa na mikono ya watu ulipunguzwa na mikono ya watu.

Nasi tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Ndoo ziwekwe ukingoni ndani ya roshani, mahali penye mbingu pana, na zisining'inizwe nje. Moshi ukiisha kupita, majani yaoshwe kwa maji safi. Siku za tahadhari watoto wabaki ndani na madirisha yafungwe. Safari fupi na tuziendee kwa miguu. Dini yetu imetufunza kuwa apandaye mmea, akala kwake mtu au ndege, ameandikiwa sadaka. Kuuachia mmea huo nuru yake ni sehemu ya sadaka hiyo.

Wabillahi tawfiq.