Daraja Letu na Reli ya Uhuru

Ndugu msomaji, kama unatoka Kilolo unaijua tabia ya mito yetu. Wakati wa kiangazi mtoto anavuka kwa kuruka mawe. Maji hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu. Mvua zikikolea, mwezi wa Februari na Machi, mto ule ule unachukua ng'ombe. Leo nataka nikueleze habari za madaraja na mahandaki. Nitaanza na daraja dogo, kwa sababu hilo nilishiriki kulijenga, nalo lilibomoka.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mbegu, mbolea na matuta. Mwaka 2010 nilihamia katika kijiji kimoja cha huku kwetu. Nikawahimiza wakulima walime viazi na njegere kwa wingi, nao wakalima. Shida ikawa lori. Mtoni palikuwa na magogo mawili tu ya kupitia watu. Lori liliishia ng'ambo, na magunia yakabebwa kichwani. Mnunuzi akiona hivyo anakata bei. Kwa hiyo katika mkutano wa kijiji nilisimama nikasema: tujaze mawe na udongo mtoni, katikati tuweke kalavati moja la kupitisha maji, lori lipite juu.

Mzee mmoja akaniuliza, "Bwana Shamba, wewe umeuona mto huu mwezi wa tatu?"

Nilikuwa sijauona. Nilihamia mwezi wa Mei. Lakini nilimjibu kwamba kalavati moja linatosha. Watu wakaniamini kwa sababu nina cheti. Cheti chenyewe ni cha kilimo.

Tulifanya kazi majuma manne. Kina mama walibeba mawe, vijana walichimba udongo na kuushindilia. Jioni ulanzi ulinywewa, na wengine siku ya pili hawakuonekana, lakini kazi iliisha. Yale magogo mawili ya zamani tuliyapasua kuni. Lori la kwanza lilivuka mwezi wa Septemba, na vigelegele vikapigwa.

Machi 2011 mvua ilinyesha usiku kucha. Mto ulileta matete, matawi, na mti mzima pamoja na mizizi yake. Vyote vikaja kuziba mdomo wa kalavati. Maji yakajaa nyuma ya tuta kama bwawa, yakapanda, yakaanza kupita juu. Udongo ukalainika. Asubuhi tulikuta maji matupu kutoka ukingo hadi ukingo.

Siku hiyo mama mmoja alishikwa na uchungu. Zahanati iko ng'ambo. Wanaume walimbeba kwa machela mpaka ukingoni, wakamweka chini ya turubai. Walikaa hapo tangu saa tatu asubuhi mpaka jua likatua. Maji hayakupungua. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Baba wa mtoto yule hakunilaumu. Alinisalimia kama siku zote, na salamu hiyo iliniuma kuliko tusi.

Sasa nikupeleke mbali kidogo. Mwaka 2012 nilikwenda Mlimba kuona ndugu zangu wanaolima mpunga. Wakati wa kurudi nilipanda treni ya TAZARA kutoka Mlimba hadi Makambako. Jua lilikuwa limekwisha kuchomoza, kwa hiyo niliona kila kitu. Ndugu msomaji, siku ukipata nafasi panda treni hiyo, hata kama huna shughuli Makambako.

Reli hii wengine huiita Reli ya Uhuru. Inaanzia Dar es Salaam na kuishia Kapiri Mposhi nchini Zambia. Urefu wake ni kilomita 1,860. Zambia haina bahari. Shaba yake ilipitia nchi za kusini zilizotawaliwa na walowezi, ambao wangeweza kufunga njia siku yoyote. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda waliitafuta njia nyingine. China ilikubali kukopesha bila riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1975 reli ilifika Kapiri Mposhi. Maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi bega kwa bega. Wengine hawakurudi kwao. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na makaburi ya wengi wao yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Kati ya Mlimba na Makambako ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote. Pengine utauliza, mbona malori yanapanda Kitonga bila handaki? Lori lina matairi ya mpira, nayo yanashika barabara. Magurudumu ya treni ni ya chuma, na reli ni chuma. Chuma juu ya chuma huteleza. Treni yenye mabehewa mengi haiwezi kupanda mlima kama wa Kitonga. Inataka njia inayoinuka polepole sana. Basi wajenzi wakikuta bonde, wanaweka daraja. Wakikuta mlima, wanautoboa.

Kutoboa mlima ni kazi ya hatari. Watu hutoboa matundu katika mwamba, hutia baruti, hukimbia, hulipua. Kisha hurudi kuzoa mawe, hutegemeza dari lisiwaangukie, huendelea. Baadaye kuta na dari hujengwa kwa zege. TAZARA ina mahandaki 22. Moja, liitwalo Irangi namba 3, lina urefu wa nusu kilomita. Ukiingia ndani yake, behewa zima linakuwa giza. Watoto hupiga kelele, na watu wazima hujifanya hawaogopi.

Halafu unafika Mto Mpanga. Daraja la hapo limesimama juu ya nguzo tatu, kila moja mita 50. Chukua mlingoti mrefu wa kijijini kwenu, kisha simamisha mwingine juu yake. Nguzo ni kama hivyo. Nilipochungulia dirishani niliona mto chini kama kamba. Nikarudisha kichwa ndani.

Karibu nami alikaa mzee aliyekuwa kibarua wa reli hiyo ujanani. Mimi nilikuwa nahesabu mahandaki kwa vidole. Akacheka.

"Kila mgeni anahesabu mahandaki," akasema. "Sisi tulichoka kwa makalavati."

Nikamwuliza makalavati gani. Akanionyesha kwa kidole, moja baada ya jingine, hata mahali ambapo mimi niliona kijibonde kikavu tu. Kumbe reli nzima ina madaraja 320, lakini makalavati ni 2,225. Mzee akaniambia kwamba walikuwa wakimwuliza Mchina kwa nini wanaweka kalavati mahali pasipo na maji. Mchina alionyesha mawinguni.

Nilinyamaza mpaka Makambako.

Duniani yako makubwa kuliko haya. Huko Uswisi liko handaki la treni linaloitwa Gotthard, lililofunguliwa mwaka 2016. Lina urefu wa kilomita 57, yaani safari inayozidi ile ya kutoka Iringa mjini hadi Ilula, yote chini ya milima. Wajapani wana handaki lililopita chini ya bahari tangu mwaka 1988. Hapa kwetu, wasafiri wa kusini walikuwa wakivuka Mto Rufiji kwa pantoni, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Urefu wake ni karibu kilomita moja. Mwaka 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo na Busisi huko Mwanza, kilomita 3 juu ya Ziwa Viktoria. Hilo sijaliona kwa macho yangu. Natamani kuliona. Lakini nikisikia habari za madaraja haya, swali langu la kwanza siku hizi ni moja: maji yanapita wapi?

Niliporudi kijijini nilikwenda kwa yule mzee aliyeniuliza swali katika mkutano. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba alikuwa na haki na mimi nilikosa. Hakusema mengi. Alichukua fimbo yake, tukaenda mtoni. Akanionyesha mwamba ulio juu ya ukingo, akasema kwamba alipokuwa kijana aliona maji yakigusa hapo. Mwamba huo ulikuwa juu ya kichwa changu.

Serikali ya kijiji ikaomba fundi wa ujenzi kutoka wilayani. Fundi alipofika hakuuliza habari za lori. Aliuliza mto ulifika wapi mwaka uliojaa kuliko yote. Tukampeleka kwenye mwamba wa mzee. Akapima.

Safari hii hatukujaza kitu mtoni. Tulichimba kila upande mpaka tukakuta mwamba, tukajenga kuta mbili za mawe na saruji. Kuta zilipanda mpaka zikapita alama ya mzee. Katikati hatukuweka nguzo, ili mti unaoletwa na maji usipate pa kunasa. Juu tulilaza magogo manene ya milingoti, tukayafunga kwa vyuma, tukapigilia mbao. Kazi ilichukua mwaka mzima, maana saruji ilinunuliwa kidogo kidogo kwa michango baada ya mavuno. Watu wengine waligoma kuchanga. Walisema tayari walikwisha kubeba mawe yangu mara moja. Sikuwa na jibu. Nilibeba mawe pamoja na waliokuja. Baba wa yule mtoto alikuja kila siku ya kazi.

Daraja lilikwisha Novemba 2013. Masika ya mwaka 2020 yalikuwa makubwa, utakumbuka. Usiku mmoja nilishindwa kulala, nikaenda na tochi. Nilikuta watu wanne wamekwisha kufika, na yule baba akiwemo. Tulimulika chini. Maji yalikuwa yanapita kwa kishindo, yamebeba magogo, lakini yalikuwa chini ya mbao kwa kimo cha mtoto. Tulisimama hapo mpaka majogoo. Hakuna aliyezungumza sana.

Milingoti huoza. Magogo mawili ya upande wa kushoto yameanza kulia gari likipita, na mwaka huu tutayabadilisha kabla ya mvua. Mapya yamekwisha kukatwa. Yamelazwa nyuma ya ofisi ya kijiji, yanakauka.