Katangellete: Amri au Taarifa?

Katika makala haya mafupi nakusudia kujadili umbo moja la kitenzi cha Kiyunani, katangellete, lipatikanalo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho 11:26. Nakiri mapema kwamba sababu ya kulichunguza haikuwa ya kitaaluma. Nilipokuwa mtoto, mzee mmoja wa kanisa alimzuia shangazi yangu kushiriki Meza ya Bwana. Shangazi alizaliwa bubu. Hoja ya mzee ilikuwa ya kisarufi, ingawa mwenyewe hakulitambua hilo: Mtume amewaamuru wanaokula waitangaze mauti ya Bwana, asiyeweza kutangaza atakulaje? Shangazi alirudi akaketi nyuma.

Kitenzi hiki kina asili moja na angelos, yaani mjumbe. Kimaana ni jirani wa kēryssō, kilichotokana na kēryx, mpiga mbiu. Ugumu wake umo katika kiishio -ete. Katika wakati uliopo, nafsi ya pili wingi, Kiyunani hutumia umbo lilelile kwa taarifa na kwa amri. Katika umoja utata huo haupo: katangelleis ni taarifa, katangelle ni amri. Kiswahili nacho hakiruhusu utata huo hata katika wingi. Mfasiri hana budi kuchagua ama mwatangaza ama tangazeni.

Muktadha hutusaidia. Sentensi yenyewe ina neno gar, kiunganishi cha sababu, linaloifunga na maneno yaliyotangulia kuhusu ukumbusho. Sababu kwa kawaida huarifu, haiamuru. Kwa hiyo naafikiana na wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, waliochagua taarifa.

Nilipofika hapo nilidhani nimekwisha kumshinda yule mzee. La hasha. Katika Matendo 13:5 kitenzi hikihiki hutumika kwa Barnaba na Sauli wakilitangaza neno katika masinagogi ya Salami. Katika 1 Wakorintho 2:1 Paulo hukitumia kwa mahubiri yake mwenyewe. Hiyo ni kazi ya kinywa. Kudai kwamba kula kwenyewe ndiko kutangaza ni kukipa kitenzi maana ambayo matumizi hayo hayaiungi mkono. Mapenzi yangu kwa shangazi si ushahidi wa kileksika.

Jibu nililipata katika nafsi. Vitenzi vitatu vya aya ile, esthiēte (kula), pinēte (kunywa) na katangellete, vyote vimo katika nafsi ya pili wingi, na mtenda ni yuleyule. Watangazao ni “ninyi” mliokusanyika, wala si kila mmoja peke yake. Kiambishi m- katika mwatangaza hakihesabu ndimi. Aliye miongoni mwa wanaokula yumo miongoni mwa wanaotangaza, hata kama sauti inayosikika ni ya mwenzake. Na hoja hii haitegemei taarifa wala amri: hata tungesoma tangazeni, wingi ungebaki palepale.

Shangazi alifariki kabla sijajifunza herufi ya kwanza ya Kiyunani. Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini nakawia mno kwenye viambishi vya nafsi. Huwajibu kwamba namfahamu mtu aliyeketi nyuma miaka mingi kwa sababu wingi ulisomwa kama umoja.