Kisanga: Penye Mpaka wa Mvua Mbili

Ndugu msomaji, katika Wilaya ya Kilosa ipo kata iitwayo Ulaya. Wageni hulicheka jina hilo, hasa mwezi wa Machi, wakati watu wa Ulaya ile ya ng'ambo wanapoulizana kila asubuhi kama siku italeta mvua au theluji. Theluji yetu sisi iko juu kileleni Kilimanjaro. Lakini swali la mvua huulizwa Kilosa kwa wasiwasi usio mdogo, na mahali pa kulisikia vizuri ni Kisanga, kata nyingine ya wilaya hiyo, katika jimbo la Mikumi.

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi la Iringa, utapita Morogoro, kisha utakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Upande wa mashariki wa wilaya hii umelala uwanda wa Mkata. Upande wa magharibi imesimama milima ya Rubeho. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo, ukapoa, ukageuka mawingu. Ndiyo maana yaweza kunyesha mlimani na shamba la bondeni likabaki vumbi.

Tena kuna jambo jingine. Mvua zetu hulifuata jua. Kaskazini mwa nchi huja mara mbili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Kusini huja mara moja, tangu Novemba hadi Aprili. Mpaka wa tabia hizi mbili unaukata Mkoa wa Morogoro, hata Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huutabiria upande wa kaskazini wa mkoa mbali na ule wa kusini. Kilosa iko karibu na mshono huo. Mwaka mmoja Januari na Februari huwa kavu kama za pwani. Mwaka mwingine mvua haikatiki mpaka masika. Mkulima wa Kisanga asikilizapo redio hana budi kujiuliza: je, nimesemwa mimi, au jirani yangu?

Na huo utabiri, ndugu msomaji, si ahadi. Unapoambiwa mvua zitakuwa "za wastani", maana yake ni kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi cha kawaida cha miaka mingi. Hausemi mvua itanyesha Jumanne katika shamba la shangazi yako. Isitoshe, masika ni magumu kutabiri kuliko vuli. Vuli hufuata sana joto la bahari, kama tulivyoona mwaka 1997 wakati wa El Niño. Masika hayana kiongozi mmoja wa namna hiyo. Machi 2019 kimbunga Idai kilichopiga Msumbiji kiliuvuta unyevu kuelekea kusini, na masika yakachelewa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Wala mvua nyingi si neema daima. Mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010, mto Mkondoa, unaopokea maji kutoka pande za Dodoma na Mpwapwa, ulifurika mjini Kilosa. Maelfu ya watu walikosa makazi, na reli ya kati ikakatika. Maji yaliyowafikia hayakuwa yote ya mawingu yao. Mengine yalitoka mbali.

Haya yanakuhusu nini wewe uishiye Temeke au Kinondoni? Yanakuhusu siku simu inapolia kutoka kijijini, mama anaomba fedha za mbegu mara ya pili. Usimkaripie kwamba ya kwanza imepotea kwa uzembe. Mvua ya siku mbili humdanganya mtu. Mahindi huota, kisha jua la wiki mbili likayachoma. Wazee husema dalili ya mvua ni mawingu, lakini dalili si mvua yenyewe.

Basi, ukipata nafasi, mtumie fedha za mbegu mapema, na umshauri asizipande zote siku moja. Apande sehemu mvua inapoanza, sehemu baada ya udongo kulowana chini sana, na akiba aiweke ndani. Penye bonde aache mtama au mpunga. Penye mwinuko mahindi ya muda mfupi. Msomee utabiri mpya kila unapotolewa, maana hurekebishwa msimu unapoendelea. Na wewe ukienda kumsalimu mwezi huu wa Machi, chukua mwavuli, kisha chukua na kofia ya jua. Kisanga yaweza kukutaka vyote viwili kwa siku moja.