Ni Kuwasha na Kuondoka

Dalali alinionya nisitaje habari ya kuchemsha. "Namba D, kadi ipo mkononi. Ni kuwasha na kuondoka." Maneno hayohayo ndiyo niliyouziwa mimi miaka miwili nyuma. Sasa nilikuwa nadaiwa ada ya mtoto.

Mnunuzi alikuja jioni na mkewe mjamzito. Hakuja na fundi. Aliuliza swali moja tu: "Kaka, Iringa linafika?"

Gari la mkononi halina waranti. Lina kadi, mkataba wa mauziano na neno la muuzaji.

Dalali aliwahi kujibu: "Linafika!" Nikasema, "Usilipe leo. Njoo na fundi aangalie gasketi. Kitonga lilichemsha mara mbili."

Dalali alisonya, akaondoka. Yule kaka alirudi Jumamosi na fundi wake, akapunguza milioni moja na nusu, akalichukua. Nililipa nusu ya ada.

Baada ya miezi minne niliona namba yake kwenye simu. Nikasita kupokea.

"Kaka, tumeshapita Kitonga. Mshale wa joto haukupanda. Mtoto kalala huku nyuma."

Siku hiyo nusu ya ada nilikuwa bado nadaiwa.