Pikipiki Yetu Mpya, Kutoka Kashaulili Hadi Mwamkulu

Alfajiri katika kata ya Kashaulili, hapa katikati ya mji wa Mpanda, mtu huamshwa kwanza na jogoo, kisha na pikipiki. Kabla jua halijachomoza vijana wa bodaboda wamekwisha kujipanga kijiweni, na mama wa vitumbua amekwisha kuinjika kikaango chake karibu nao, maana ndio wateja wake wa kwanza. Kwa miaka mingi sisi wa kikundi tulikuwa abiria wa vijana hao. Tangu mwezi wa Oktoba uliopita tuna ya kwetu.

Tuko sita. Wawili ni wauguzi, mmoja ni mwalimu aliyestaafu, na waliobaki ni wakulima na wauzaji wa mchele. Kazi yetu, tunapotoka zamu na shambani, ni kuwatembelea akina mama waliojifungua na wazee wanaougua majumbani, hasa upande wa Mwamkulu na Kakese kwenye mashamba ya mpunga. Nauli ya kwenda huko wakati wa mvua ilikuwa ikitumaliza. Basi tukaamua kuchanga shilingi elfu tatu kila mmoja kwa wiki, bila kukosa, kwa miaka mitatu. Msomaji mwenye kalamu atapata kwamba fedha hizo ni milioni 2 na laki 8 na kidogo, na hiyo ndiyo bei tuliyolipa dukani. Magunia ya mchele tuliyouza kwa pamoja yakatubakizia shilingi 180,000 za kuiongezea pikipiki vitu ambavyo haikuja navyo. Fedha hizo ndizo zilizotugombanisha, lakini tutafika huko.

Kwa mama ambaye hajawahi kufika huku, Mpanda ni mji wa mwisho wa reli. Tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita 210, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa zamani, treni ikabaki. Mpaka mwaka 2012 tulikuwa wilaya ya mkoa wa Rukwa, na ofisi kubwa zote zilikuwa Sumbawanga. Ndipo ukazaliwa mkoa wa Katavi. Siku hizi kuna lami ya kwenda Tabora. Lakini ukiiacha lami tu, hata kwa hatua mia, unarudi kwenye udongo wetu mweusi wa mbuga, ambao kiangazi ni mgumu kama tofali na masika ni kama ugali uliozidi maji.

Siku ya kuinunua tulikwenda wote sita, tumevaa sare yetu ya kitenge cha bluu. Tuliichagua Boxer ya cc 150, kwa sababu vipuri vyake vinapatikana kila kona na kila fundi anaijua. Kijana aliyekuwa akiifunga vioo na betri alitusalimu vizuri.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, mwanetu."

"Hiki chuma cha ubavuni nikitoe? Wateja wote wanakitoa, hakina kazi. Ni urembo wa Kihindi."

Tulitazamana. Chuma alichokishika ni ile fremu ndogo iliyo upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma. Pikipiki hizi hutengenezwa India, na huko wanawake wengi hukaa upande, wamevaa sari. Kile chuma huzuia nguo isiingie kwenye spoku na mnyororo. Sheria ya kwao inataka kila pikipiki iwe nacho. Huku kwetu, ambako mama hukaa upande akiwa na kanga au kitenge, vijana wanakitoa ili chombo kipendeze.

Mwaka juzi sisi wauguzi tulimpokea mama aliyekuwa amepakiwa hivyo. Ncha ya kitenge alichombebea mtoto ilishuka polepole bila yeye kujua, mnyororo ukaidaka, na wote wawili wakavutwa chini. Mama alivunjika mkono. Mtoto wa miezi minane aliumia kichwa, na tulikesha naye siku tatu kabla hajafungua macho vizuri. Tulimwambia yule kijana, "Mwanetu, hicho usikiguse." Akacheka, akakiacha.

Dereva tuliyemchagua ana miaka 41 na watoto wanne. Alikuwa akiendesha baiskeli tangu utoto, kwa hiyo mizani ya mwili alikuwa nayo. Kilichomsumbua ni mumewe. Hakukataa, ila alisema neno moja kila jioni: "Na ukikwama huko, nani atakusukuma?" Mwenzetu hakubishana naye. Alijifunza wiki tatu kwenye uwanja wa mpira, watoto wakimshangilia, akaenda kutafuta leseni ya daraja A kama watu wengine, kisha akaiweka mezani wakati wa chakula. Mume aliisoma pande zote mbili, akasema, "Picha wamekupiga vibaya." Tuliposimuliwa hayo tulijua mlango umefunguka.

Pikipiki mpya ni kama binti aliyetoka kuolewa, usimpe kazi zote siku ya kwanza. Injini mpya haitaki kukimbizwa wala kupandishwa mlima na mzigo mzito katika kilomita zake za mwanzo, kwa sababu vyuma vya ndani bado vinazoeana. Oili ya kwanza inamwagwa mapema, maana inabeba unga wa chuma. Tulipoimwaga yetu kwenye beseni jeupe tuliuona unga huo ukimetameta, na mwalimu wetu mstaafu, ambaye alidhani mafundi wanatuibia fedha, alinyamaza. Mnyororo nao ulilegea kabla hata ya mwezi kwisha. Tulifundishwa kuushika katikati na kuuinua. Unatakiwa kucheza sentimita 2 hadi 3. Ukilegea zaidi unaruka, na ukikazwa sana unakatika.

Kwa majaribio tuliipeleka Sitalike, kijiji kilicho mpakani mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ni kilomita kama 36, lami tupu. Wawili walikwenda nayo na sisi wengine tukafuata kwa basi dogo. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, na mto Katuma umekauka hadi kubaki madimbwi. Viboko kutoka huku na huku walikuwa wamejazana katika dimbwi moja la matope, migongo imegusana kama viazi kwenye karai, wakipiga kelele utadhani wazee wanaocheka msibani. Harufu yake hatutaisimulia. Mtu anaweza kuishi Mpanda miaka ishirini asiende kuwaona, kama tulivyofanya sisi, na huku wageni wanapanda ndege kutoka Ulaya kwa ajili yao.

Huko Sitalike tulijifunza mawili. La kwanza lilihusu sare. Mbung'o waliwaandama wenzetu wa pikipiki, wakawauma mgongoni kupitia kitenge, nasi wa kwenye basi tukapona. Sisi wauguzi tulipaswa kukumbuka: mbung'o hupenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na hufuata kitu kikubwa kinachotembea. Tulikuwa tumewavalisha wenzetu mtego. Tangu siku hiyo dereva huvaa koti la rangi ya udongo akienda upande wa hifadhi, kwa sababu malale si ugonjwa wa kuchezea.

La pili lilitokea wakati wa kurudi. Pikipiki ilikohoa mara mbili, ikazimika katikati ya pori, na jua linashuka. Walikagua plagi, wakakagua waya, wakaanza kuomba. Lori likasimama, dereva wake akainama, akageuza kijiti kidogo chini ya tangi, na injini ikawaka. Mafuta ya kawaida yalikuwa yamekwisha, ila ya akiba yalikuwapo, na hakuna aliyetuambia kwamba kijiti hicho kipo. Mama, ikiwa nyumbani kwako kuna pikipiki, nenda ukakitafute leo.

Sasa zile shilingi 180,000. Fundi wetu alitaka tufunge redio na taa za rangi. Hilo tulilikataa upesi. Mwenzetu mmoja alitaka kioo kikubwa cha mbele cha kukinga upepo na wadudu, kwa sababu macho yake ni mabovu. Dereva alitaka madigadi ya mbele iinuliwe, akisema ipo karibu mno na tairi. Sisi wauguzi tulisimama kidete kwa vitu vitatu: kofia ngumu ya pili kwa ajili ya abiria, kinga ya bomba la moshi, na sanduku la chuma lenye kufuli.

Bomba lina kisa chake. Liko upande wa kulia, na mama anayeshuka upande huo kwa haraka, gauni limepanda, huliegemeza ndama ya mguu. Makovu yake tunayaona kliniki kila wiki, mviringo mmoja mahali palepale. Ukiungua, mimina maji safi ya baridi juu ya jeraha kwa dakika 20, maji yanayotiririka, wala usipake dawa ya meno, mafuta ya kula, wala unga. Na kofia nayo ina vikwazo vyake, maana haiingii juu ya kila msuko. Tulikubaliana kwamba siku ya safari mtu afunge kitambaa chepesi cha pamba kichwani, na kitambaa hicho hufuliwa kila mara. Aliyesuka rasta nene alikasirika kidogo, akafumua.

Tulishinda, madigadi ikasubiri. Tunakiri kwamba tulikosea.

Mwezi wa Januari, baada ya mvua ya siku mbili, wenzetu wawili walitoka kwenda Mwamkulu kumwona mama aliyejifungua siku tano kabla. Mizani ya kuning'iniza ya kupimia watoto ilikuwa sandukuni, imefungwa kwa kanga isitikisike, kwa sababu mtikiso huipotosha na lazima uirudishe kwenye sifuri kabla ya kumpima mtoto. Lami ilikwisha, udongo mweusi ukaanza. Kwa mbali palipendeza sana, majaruba ya mpunga yamejaa maji, yangeyange weupe wamesimama ndani yake, na Wasukuma wanapita na majembe begani wakitupa "Mwangaluka!" Lakini kila hatua kumi tope lilizidi kujikusanya kati ya tairi la mbele na madigadi, mpaka gurudumu likakataa kuzunguka kabisa. Pikipiki ikawa kama imefungwa breki. Walichokonoa kwa kijiti, wakasogea mita ishirini, likajaa tena. Wakaweka mguu wa pembeni chini wapumzike, mguu ukazama, pikipiki ikalala ubavuni. Kuiinua kulihitaji wanawake wawili, mkulima mmoja na kijana wa kuchunga ng'ombe.

Safari ya nusu saa ilichukua saa mbili na nusu. Na walipofika, yule mama alikuwa anatetemeka kwa homa, tumbo linamuuma chini, na uchafu unaomtoka una harufu mbaya. Muuguzi hahitaji kipimo kujua kwamba hayo ni maambukizi ya uzazi, na kwamba saa mbili na nusu zilizopotea ni nyingi. Mama mkwe wake alisema, "Mpakieni kwenye pikipiki yenu, mmekuja nayo." Mwenzetu akamjibu, "Mama, hii hapana. Akizimia njiani ataanguka, na tope umeliona." Alipiga 115, namba ya mpango wa m-mama, ambayo haina malipo, akaeleza hali ya mgonjwa. Mkwe mtu akafunga ng'ombe wawili kwenye mkokoteni, wakatandika godoro, mgonjwa na kichanga wakapelekwa taratibu hadi mahali ambapo gari lingeweza kufika. Pikipiki ilifuata nyuma ya mkokoteni, tena kwa kusukumwa.

Alilazwa siku nane, akapona. Alipita Kashaulili siku ya kurudi nyumbani, mtoto mgongoni, akaitazama pikipiki yetu na kusema, "Ndiyo hii iliyoshindwa na ng'ombe?" Tulicheka mpaka machozi.

Jumamosi iliyofuata mume wa dereva alikuja mwenyewe na spana zake. Hakusema lolote kuhusu nani alisukuma. Aliifungua madigadi, akaiinua kwa vipande vya bomba na boliti ndefu, pakawa na nafasi ya kupitisha ngumi kati yake na tairi. Gharama ilikuwa shilingi elfu kumi na mbili. Fundi wa kuchomelea aliongeza kibao cha chuma, ukubwa wa kiganja, chini ya mguu wa pembeni ili usizame. Kioo cha mbele hatujakinunua bado. Mwenye macho mabovu ameahidiwa kwamba ndicho kitakachofuata, baada ya tairi la nyuma la kashata kubwa, ambalo tunalichangia sasa kwa elfu moja moja.

Jumamosi hii zamu ni ya Kakese. Jana usiku mvua imenyesha, na mume wa dereva ameuliza kama kuna nafasi ya mtu wa tatu.