Kinyonga wa Madagaska na Alama ya Kosa

Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, niliwahi kutundika ubaoni picha mbili za vinyonga wa kisiwa cha Madagaska. Ya kwanza ilionyesha dume wa Nosy Be, mwenye rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani. Ya pili ilionyesha dume wa Ambilobe, mwenye mistari myekundu. Kando ya kila dume palikuwa na jike wake. Nikauliza, "Hawa ni wa aina ngapi?" Darasa zima likajibu, "Mbili!" isipokuwa binti mmoja, aliyesema ni aina moja. Nikamwamuru akae, na daftarini mwake nikamtilia alama ya kosa. Tangu siku ile hakunyosha mkono tena katika somo langu.

Muhula uliofuata nilisoma kwamba wote huitwa Furcifer pardalis, aina ambayo Cuvier aliieleza mwaka 1829. Rangi za madume hutofautiana kwa kadiri ya mahali watokako, ilhali majike, kokote waliko, wana rangi hafifu ya hudhurungi au ya waridi. Nikamwita binti yule na kumwuliza alijuaje. Akajibu, "Niliwatazama majike, mwalimu. Wanafanana. Nikadhani madume ni kama majogoo wa nyumbani, kila mmoja na rangi yake." Mimi niliyezitundika picha sikuwa nimewatazama majike hata kidogo.

Wala habari haiishii hapo. Mwaka 2015 watafiti wa Uswisi na wa Madagaska, baada ya kuchunguza damu ya vinyonga 324, walitoa hoja kwamba huenda hao si aina moja, bali ni 11. Basi nani alipata na nani alikosa? Jibu laweza kubadilika kila elimu inapoongezeka. Lakini kutazama, kulinganisha na kutoa sababu, kama alivyofanya binti yule, ndiyo njia ya watafiti wenyewe. Hiyo ndiyo niliyoitilia alama ya kosa.

Ndugu walimu wanafunzi, mtoto atoapo jibu msilolitarajia, kabla ya kushika kalamu nyekundu mwulizeni, "Umeona nini hata ukasema hivyo?" Swali hilo halimalizi dakika moja. Mimi nilichelewa kuliuliza kwa muhula mzima, na muhula huo wote binti yule alikaa kimya.